Waya Uliolala Juu ya Bati

Kaka Shija,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini sijawahi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia, na sitaanza leo.

Nimekaa kwenye meza yako. Kompyuta nimeizima, naandika kwa kalamu. Sista wa misheni aliniuliza kwa nini siandiki kwa mashine wakati inapendeza zaidi, nikamwambia kuna maneno sitaki yapite hata karibu na waya. Akacheka. Na wewe ungecheka. Ulikuwa ukisema mimi nina macho ya kuku, namwona mwewe hata pale palipo na wingu tu. Basi mwaka huu nimewaona mwewe wengi, Kaka, na mmoja wao alikuwa mwewe kweli.

Nianzie pale ulipoishia.

Tulikuzika kijijini Samuye, pembeni ya Baba. Daktari alisema malaria imepanda kichwani, na mimi nilimsikia kwa masikio yangu. Lakini msibani nilikaa na wanawake, na wanawake walikuwa wakinong'ona. Kijana mzima, asiye na mke wala mtoto, ameondoka kwa homa ya siku chache tu? Nilipogeuka walinyamaza. Baba Mdogo Luhende alikaa na wazee wa ukoo, na kila nilipowapelekea maji walinyamaza vilevile. Nikajua kuna neno linazunguka pale, ila sikulijua jina lake.

Nikaacha kazi ya ofisi ya tumbaku kule Ushetu, nikahamia nyumbani kwako Shinyanga. Mama Mkubwa Minza alibaki Samuye mpaka matanga yalipoanuliwa, kisha akarudi kwenye chumba chake cha uani, jikoni kwake, na kuku wake. Ningemwachaje? Mama alipofariki ni yeye aliyetulea. Nikaifungua ofisi yako ya mbele, ile ya kutumia watu barua pepe, nikafuta vumbi, nikawasha mashine. Yale uliyonifundisha kila nilipokuja likizo yalikuwa bado yamo kichwani. Modemu ikalia kilio chake kile, cha kuku aliyebanwa mlangoni, ikanyamaza, ikashika. Barua pepe zako zilizokuwa zikisubiri zikaanza kuingia moja moja, watu wakikuuliza hali. Nilizima nikaenda kulala.

Kwa muda mambo yalikwenda. Sista aliandikia kwao, walimu wakaulizia nafasi za masomo, mabroka wa dhahabu wakaja kuuliza bei kwa wanunuzi wao. Halafu laini ikaanza kuugua.

Asubuhi ilikuwa nzima. Jua likipanda, barua inakwenda kwa kujikokota, mshale wa kwenye kioo unagota katikati, kisha simu inakatika. Napiga tena, modemu inalia, inalia, inakata. Mara nyingine inashika lakini kwa mwendo wa konokono, barua fupi inachukua muda wa kupika ugali na mboga yake. Jioni jua likipoa, inapona yenyewe kama mtoto aliyekuwa anadeka. Mteja ananiangalia. Mimi naangalia ukuta.

Nilifanya kama ulivyonifundisha. Nilibadilisha waya mfupi wa kutoka ukutani hadi kwenye modemu. Nikaichomoa simu ya mezani ili modemu ibaki peke yake. Nikaenda kwenye mipangilio nikaipunguzia kasi, maana ulisema laini mbovu ni kama barabara mbovu, ukipunguza mwendo utafika. Asubuhi ilisaidia. Mchana haikusaidia kitu. Nikarudisha simu ya mezani, nikainua mkono wa simu mchana mmoja na kusikiliza. Palikuwa na mkwaruzo kama bisi zinazorukaruka kwenye sufuria, na nyuma ya mkwaruzo, kwa mbali sana, sauti ya mtu anaongea Kihindi.

Nikajua: Bwana Naresh.

Unakumbuka duka lake linavyopakana na sisi, na simu yake ilivyo kwenye nguzo ileile. Nilianza kuhesabu visivyohesabika. Kwa nini ananiuliza biashara inaendaje? Kwa nini fundi wake alionekana juu ya paa lake wiki ile? Nikaona kabisa kwamba amechomeka waya wake kwenye waya wetu, anasikiliza bei za mabroka, au anapiga simu zake kwa mgongo wetu. Nikaacha kumsalimia. Mafundi wa simu nikawaita, wakaja asubuhi, wakapima pale kwenye nguzo, wakasema laini ni safi. Ilikuwa safi kweli. Ilikuwa asubuhi. Lakini mimi nikasema moyoni, na hawa pia wamo.

Wakati huo Maganga alikuwa akija karibu kila siku.

Rafiki yako Maganga. Yule aliyelia kaburini kuliko sisi ndugu. Alikuja na vumbi la maduara, mashimo ya dhahabu ya Geita, kwenye viatu, akaketi kwenye kiti cha wateja, akaangalia mashine ikihangaika, akatikisa kichwa. Alisema modemu imekufa, na kompyuta inafuata. Alisema wewe mwenyewe ulimwambia imechoka. Alisema ataichukua hivyohivyo, pamoja na meza, aipeleke Geita akaitumie vipuri, nami nirudi Ushetu nikapumzike. Aliongea kwa upole. Upole ule ulinikera, Kaka, sikujua kwa nini. Mtu anayetaka kununua kitu kibovu huwa hakifutifuti vumbi, na yeye kila akija alikuwa akikifuta kwa leso yake.

Basi nikawa na watu wawili wa kuwashuku, mmoja ukutani na mmoja kitini. Nikakumbuka ulivyokuwa ukifanya kazi. Ulikuwa ukisema, "Limi, usishuku vyote kwa pamoja. Gawa katikati. Upande mmoja ukiwa mzima, shika mwingine." Nikaona nianze na mashine: ni nzima au si nzima? Na njia ya kujua ilikuwa kuitoa kwenye laini yetu na kuiweka kwenye laini nyingine, mchana uleule wa ugonjwa. Laini nyingine ya karibu ilikuwa ya Bwana Naresh.

Nilikwenda kwake uso nimeukunja. Nilitegemea akatae, na kukataa kwake kungekuwa ushahidi. Hakukataa. Alisogeza vitambaa kwenye meza ya duka, akatuma mkokoteni ukabebe kompyuta, akakaa pembeni kutazama. Jua lilikuwa utosini. Nikachomeka, nikapiga. Modemu ikalia mara moja, ikashika, barua zikapita kama maji. Nikapiga tena, vilevile. Nikainua mkono wa simu yake nikasikiliza: mlio safi, hakuna bisi. Nikamwuliza kama mchana huwa anaongea na simu. Akasema ndiyo, mke wake huongea na dada yake Mwanza, na siku hizi wanasikia kwa mbali mashine inalia kwenye maongezi yao, akadhani mimi ndiye ninayewasikiliza.

Tuliangaliana. Alikuwa ananishuku mimi, nami namshuku yeye. Sauti zilikuwa zinavuja zenyewe kutoka waya mmoja kwenda mwingine, kwa sababu mmoja wao ulikuwa mgonjwa.

Nikarudisha mashine nyumbani nikijua mambo mawili. Mashine ni nzima, kwa hiyo Maganga amesema uongo au hajui. Na ugonjwa uko kati ya nguzo na ukuta wetu.

Maganga alipokuja nikamwambia. Hakubisha. Aliangalia mlango wa uani kwa muda, kisha akashusha sauti. Akaniambia, "Dada Limi, mimi sikutaka kusema. Laini inapokatika, nenda ukachungulie nyuma uone nani yuko chini ya waya."

Siku iliyofuata nilichungulia.

Nilisimama kwenye dirisha la chumba chako. Jua kali, upepo wa kiangazi unazungusha vumbi na majani makavu uani. Modemu ilikuwa imekata muda mfupi tu uliopita. Na Mama Mkubwa alikuwa pale nyuma ya jiko, chini ya waya wa simu, ameshika mti mrefu wenye panda, anauinua kuelekea kwenye waya. Macho yake mekundu, unayajua, yale ya miaka yote ya moshi wa kinyesi cha ng'ombe na mabua mabichi. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Nikasikia jina lako. "Shija," alisema, kisha maneno ya Kisukuma niliyoshindwa kuyashika, kisha "Shija" tena.

Mti ule nilikuwa nimeuona kabla, nikidhani ni wa kamba ya nguo. Sasa nikauangalia vizuri. Kwenye panda palikuwa pamefungwa kitambaa. Kilikuwa kipande cha shati lako la mistari ya bluu, lile la kazini.

Mwanamke aliyenilisha kwa mkono wake. Nilikaa kitandani kwako. Nilitaka kwenda kumwuliza, lakini unamwulizaje mzazi neno kama lile? Ukishalisema limeshakuwa. Jioni aliniletea michembe, viazi vile vikavu, na maziwa. Nilimwambia nimeshiba. Aliniangalia, akaichukua sahani, akaondoka nayo. Usiku ule nilifunga mlango wangu kwa ndani, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Mimi sikumwambia mtu, Kaka. Hilo naomba ulijue. Lakini si mimi peke yangu niliyekuwa na macho. Wiki haikupita, Baba Mdogo akafika kutoka Samuye na wanawe wawili. Walikuwa wameshaambiwa kila kitu: mchana, mti, shati la marehemu, jina linalotajwa. Walikuwa wamekwenda kwa mganga, naye amewaambia aliyemla kijana wao anaishi ndani ya ua wa kijana huyohuyo, na si wa ukoo wao. Nani aliwaambia? Nilimwuliza Baba Mdogo. Akasema habari za namna hiyo hazina mwenyewe.

Walimtoa jikoni. Yule binamu mkubwa alilitaja mbele yake lile neno la Kisukuma, nogi, yaani mchawi, na kuku wakatawanyika kwa jinsi alivyolisema. Waliuchukua mti kama ushahidi. Mama Mkubwa hakulia, hakujitetea. Alijifunga kanga yake vizuri, akaomba avae viatu. Alipofika usawa wangu alisema, "Limi, usiuache waya ulale."

Hivyo tu. Nami nilivyokuwa, nililisikia neno lile kama laana.

Unajua wanavyowafanya vikongwe wenye macho mekundu huku kwetu. Hakuna haja nikuambie. Walisema watamweka Samuye mpaka ukoo wote ukutane, kisha itaamuliwa. Na binamu zetu walikuwa wakiongelea mapanga kama wanavyoongea habari za kulima.

Maganga alikuja kesho yake akasema sasa nyumba itapumua.

Haikupumua. Laini ilikuwa mbaya zaidi. Zamani asubuhi ilikuwa nzima, sasa hata asubuhi modemu ilikuwa inalia bure. Maganga akasema bibi analipiza akiwa mbali. Nilimwangalia akisema hivyo, na kwa mara ya kwanza kitu kikakaa sawa kichwani. Kama Mama Mkubwa ndiye aliyekuwa anaiharibu laini kwa ule mti, basi mti umeondoka, yeye ameondoka, na laini imezidi kuharibika. Ukitoa kitu kibovu kwenye waya, waya unapona. Ukitoa kitu na waya ukaanguka, kile kitu ndicho kilichokuwa kinaushikilia. Hayo si maneno yako, Kaka, lakini nimeyatoa kwako.

Nilimngoja Maganga aondoke. Nikaegemeza ngazi yako kwenye ukuta wa jiko, nikapanda.

Waya ulikuwa umelala juu ya bati.

Kutoka kwenye nguzo hadi kwenye ukuta wetu unapita juu ya paa la jiko, na nguzo imeinama upande wetu tangu mvua zile kubwa zilizokata barabara. Kwa hiyo waya umelegea. Jua likiupiga unazidi kulegea, unashuka mpaka unaligusa bati. Na pale unapogusa, ngozi yake ilikuwa imepasuka na kuliwa, shaba iko wazi, na bati lina alama nyeusi kama pameunguzwa na sigara. Niliuinua kwa mkono. Kwenye waya, hatua chache kutoka hapo, palikuwa na sehemu iliyong'aa kwa kushikwa mara nyingi, na nyuzi mbili tatu za bluu zimenasa. Ndipo panda ilipokuwa ikikaa.

Nikashuka, nikaenda ndani, nikainua mkono wa simu. Bisi tupu. Nikarudi juu nikautegemeza waya kwa mpini wa jembe. Nikashuka, nikasikiliza. Mlio safi.

Nilikaa chini palepale sakafuni. Upepo wa mchana ndio uliokuwa unauangusha mti. Mti ukianguka, waya unalala, laini inakatika, na yeye, akiona kutoka jikoni, anakwenda kuusimamisha. Kila laini inapokatika yeye yuko pale, kweli, kama vile kila panapoungua utamkuta mtu mwenye ndoo ya maji.

Lakini shati? Shati lilibaki, na bila shati hakuna ambaye angenisikiliza.

Nilikwenda kwa Bwana Naresh. Nilimweleza yote, hata kwamba nilimshuku. Alifunga duka mchana kweupe, akatoa pikapu yake, akaendesha mwenyewe. Njiani aliniuliza kama nimekula.

Samuye tulimkuta kwenye kibanda kilicho kando ya ghala, mlango umefungwa kamba kwa nje. Baba Mdogo alikuwa na wazee. Bwana Naresh aliwaamkia kwa Kisukuma chake kile kilichonyooka, wakamwitikia kwa mazoea, na nadhani hilo ndilo lililonipa nafasi ya kusema. Niliomba kuuona mti. Binamu mkubwa hakutaka nishike. Baba Mdogo akasema nipewe.

Nilianza kukifungua kile kitambaa mbele yao. Mmoja wa wazee alirudi nyuma. Chini ya shati palikuwa na tepu nyeusi, imezungushwa kwenye panda kwa mzunguko wa kubanana, na mwisho wake umekunjwa kidogo kwa ndani ili baadaye uweze kubanduliwa kwa ukucha. Kaka, katika dunia hii nimemwona mtu mmoja tu anayekunja mwisho wa tepu hivyo. Kila waya wa nyumba ile una kikunjo hicho. Baba Mdogo anao kwenye redio yake uliyomtengenezea. Nilimwomba ailete. Aliiweka pajani, akaangalia kikunjo cha redio, akaangalia kikunjo cha panda.

Nikawaambia ni wewe uliyeuvika mti shati lako, ili panda isiukate waya. Binamu mkubwa akasema tepu haithibitishi kitu, inauzwa dukani. Baba Mdogo aliiondoa redio pajani. Akaniambia, "Nitakwenda nisikie mwenyewe."

Alikuja kesho yake, na aliruhusu Mama Mkubwa aje naye. Walikaa mbali mbali nyuma ya pikapu ya Bwana Naresh, huyu huku na yule kule. Mchana ulipofika nilimpa Baba Mdogo mkono wa simu, nikamwonyesha jinsi ya kuushika sikioni, maana alikuwa ameugeuza. Mama Mkubwa alikwenda uani na mti wake. Nikasimama mlangoni kati yao. Aliposhusha waya, Baba Mdogo alikunja uso na kuusogeza mkono wa simu mbali na sikio. Alipouinua, uso ukalegea. Akaomba arudie. Akaomba tena. Kisha akanipa simu, akavua kofia, akatoka uani. Alisema, "Kumbe ulikuwa kazini, shemeji."

Mama Mkubwa akamjibu, "Alinipa kazi yeye. Alisema, Mama, mimi nikiwa safarini, usiuache waya ulale. Sasa yuko safarini."

Ndipo nilipoyajua yale maneno aliyokuwa akikuambia chini ya waya. Alikuwa akikupa taarifa. Shija, umeanguka tena, nauinua. Shija, leo upepo ni mkali.

Nilimwuliza baadaye, tukiwa wawili, kwa nini hakusema. Alikuwa akichambua mboga. Alisema nani angemsikiliza bibi mwenye macho haya. Akachambua tena. Kisha akasema, bila hata kuinua kichwa, kwamba siku nguzo ilipoinama mlikuwa watu watatu uani. Wewe ulikuwa juu ya ngazi. Yeye alikuwa ameshika ngazi. Na aliyekwenda kuukata ule mti wenye panda na kuuleta begani alikuwa Maganga.

Kaka.

Maganga alikuwa anaujua mti ule. Aliukata kwa mkono wake.

Alipokuja tena nilimsubiri akae. Sikumpa chai. Nilimwuliza ni nani aliyekata mti wa uani. Aliangalia viatu vyake. Akasema, "Nilisahau, dada. Wallahi nilisahau kabisa." Aliapa na kusema pole nyingi. Nilimwangalia akisema, nikatafuta usoni mwake kile ambacho ungekitafuta kwenye waya, mahali palipopasuka, na sikupaona. Huenda alisahau kweli. Mtu anaweza kukata mti na kuusahau. Lakini aliyesahau mti hakusahau njia ya Samuye. Au si yeye aliyekwenda Samuye? Baba Mdogo hadi leo hasemi. Nilimwomba Maganga asirudi ofisini. Ameshapata mashine nyingine, wanasema, yuko nayo Geita. Nikisikia modemu inalia taratibu bila sababu, bado namwazia yeye. Macho ya kuku, Kaka. Hayaponi.

Mafundi wa simu niliwaita tena, safari hii mchana, na nikawapandisha juu ya bati wenyewe. Wamenyoosha nguzo, wamevuta waya mpya na kuukaza juu zaidi, mbali na paa. Laini inashika hata jua likiwa utosini. Sista amepata majibu yake. Mke wa Bwana Naresh anaongea na dada yake bila kuku wetu kulia katikati.

Mama Mkubwa nilimpeleka hospitali, wakampa dawa ya macho na kumwambia aachane na moshi. Nimemnunulia jiko la mkaa. Analilalamikia, anasema ugali wake hauna ladha. Mchana anakaa mbele ofisini, karibu na mlango, ambapo kila mteja anamwona na kumwamkia, naye anaitikia marahaba, marahaba, mpaka sauti inamkauka. Nilimwomba akae pale kwa makusudi. Nataka mji mzima uzoee uso wake. Bado mchana, upepo ukivuma, nauona mwili wake unataka kuinuka.

Baba Mdogo ametuma mbuzi. Binamu zetu hawajatuma kitu. Yule mkubwa nilikutana naye sokoni, akanisalimia mimi na kuruka jina la Mama Mkubwa kama mtu anavyoruka dimbwi. Kwa hiyo haijaisha. Waya unaunganishwa mara moja ukapona, lakini neno likishatamkwa Samuye, linabaki kwenye midomo ya watu kama mbegu kavu inayongoja mvua. Tutakapoikumbuka siku yako hivi karibuni, Mama Mkubwa amesema hatakwenda. Amesema ataomba akiwa hapa. Hakusema anaogopa, lakini amesingizia kuku wake.

Nitakwenda peke yangu, nitakusomea haya kwa sauti ya chini, kisha nitaichana barua. Sitaki iokotwe.

Pumzika, Kaka yangu. Salimia Mama na Baba. Waambie dada yake Mama yupo, anakula, anagombana na jiko. Na hili nakuahidi wewe, mbele ya udongo wako: mwakani hatutakuja kwa kujificha. Nitamleta mwenyewe. Tutashuka kwenye gari barabarani, sio kaburini, na tutapita katikati ya Samuye mchana kweupe, mimi nimemshika mkono, polepole, nyumba kwa nyumba. Kila mlango tutasimama tubishe hodi. Na pale ambapo hataamkiwa, tutaketi kizingitini, sisi wawili, mpaka mwenye nyumba atoke atuangalie machoni.

Ni mimi mdogo wako,
Limi